The Flame Trees of Thika kwenye runinga: mtoto aliyepandishwa mkokoteni

Tamthilia ya The Flame Trees of Thika ilitengenezwa na Thames Television ya Uingereza kupitia kampuni ya Euston Films, ikapigwa picha hapa Kenya, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika kituo cha ITV mwaka 1981. Ina sehemu saba, kila moja karibu saa nzima, zilizoandikwa na John Hawkesworth na kuongozwa na Roy Ward Baker kutokana na kitabu ambacho Elspeth Huxley alikichapisha mwaka 1959 kuhusu utoto wake katika shamba la kahawa la wazazi wake. Nimeitazama yote kwa diski nikiwa na kitabu mapajani, na maoni yangu ni kwamba Mnairobi yeyote anayefikiria kuandika habari za familia yake anapaswa kuitazama, ingawa si kwa sababu ambazo watengenezaji wake walizikusudia. Wao walitaka tuone mandhari na mahaba. Mimi nimeona jinsi familia inavyobadilishwa mara mbili, mara ya kwanza na mtoto wake mwenyewe na mara ya pili na watu baki, na mara ya kwanza ndiyo iliyobadilisha zaidi.

Mwandishi alikuwa hai tamthilia ilipotoka, mwenye umri wa miaka 74, akiishi Uingereza. Si vitabu vingi vya kumbukumbu za Kenya vilivyopata bahati hiyo. Karen Blixen, aliyeandika Out of Africa, alifariki mwaka 1962 na filamu ya maisha yake ya Ngong ikaja mwaka 1985, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwendea na kumuuliza kama mambo yalikuwa hivyo. Huxley angeweza kuulizwa. Wazazi wake ndio wasingeweza: baba yake alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi, na mama yake, Nellie Grant, alifariki mwaka 1977, miaka minne kabla ya mwigizaji Hayley Mills kuonekana kwenye kioo akimwigiza. Elspeth alikuwa mtoto wa pekee. Kwa hiyo, katika familia nzima iliyokuwa ikiigizwa, shahidi aliyebaki alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo ndiye aliyekuwa ameandika kitabu.

Kitabu kinaanza safarini. Mkokoteni wa wazi, unaovutwa na maksai wanne wadogo wenye makovu ya viboko, unatoka Nairobi kwenda Thika, mahali ambapo baba amenunua ardhi katika baa ya hoteli ya Norfolk kutoka kwa bwana aliyevaa tai ya wahitimu wa Eton. (Hoteli yenyewe iko mkabala na Kenya National Theatre, katika barabara ambayo sasa inaitwa Harry Thuku, na watu waliokusanyika Machi 1922 kudai Thuku aachiliwe walipigwa risasi hatua chache tu kutoka kwenye veranda yake. Mtu akipita pale leo akiwa na kitabu hiki kichwani, hawezi kuliangalia jengo lile kwa jicho moja tu.) Juu ya mizigo kuna kreti ya kuku watano wa kizungu na kiti cha choo. Mama amejikinga na jua kwa kofia pana ya sufu nzito, tabaka mbili, yenye bitana ya flana nyekundu, kwa kuwa wazungu wa wakati ule waliamini kwamba jua la nchi hii hupenya fuvu na kuharibu ubongo. Kando yake ameketi mtoto mwenye chapeo kichwani na gauni la pamba lililotiwa wanga. Ukisoma ukurasa ule unahisi wanga ukikuwasha shingoni, na tamthilia, kwa haki yake, imejitahidi kuuhamisha ukurasa huo kwenye picha: vumbi lipo, mwendo wa maksai upo, na mtoto yupo, ameketi pale pale alipowekwa na kitabu.

Lakini mtoto huyo hakuwemo safarini. Wazazi wa Elspeth walifika Thika mwaka 1912, na yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka sita, aliwafuata Desemba 1913, akiwa ameandamana na mwalimu wake wa nyumbani na mtumishi wa kike. Maksai walikuwa wamekwisha kupita njia ile, na ukali wa miezi ya kwanza ulikuwa umekwisha kuonjwa na watu wengine. Gauni lenye wanga aliloliandika kwa usahihi wote ule aliliazima kutoka kwa masimulizi ya mama yake, au kutoka kwa magauni mengine aliyoyavaa baadaye, akalivika umbo lake la utotoni na kulipandisha mkokotenini.

Simwiti mwongo kwa hilo. Mtu aliyesikia habari ya safari moja mezani kwao kwa miaka arobaini ana haki fulani juu ya safari hiyo, na kitabu kingepoteza nusu ya mvuto wake kama kingeanza na mtoto aliyeshuka baadaye akiwa na mwalimu na mtumishi, nyumba ikiwa imekwisha kusimama. Ninalosema ni kwamba Hawkesworth, aliyekuwa fundi mkubwa wa tamthilia za kihistoria za Uingereza, hakupokea maisha ya familia ya Grant. Alipokea maisha yaliyokwisha kupangwa kwa mandhari, yenye ufunguzi mzuri, wahusika wa kuchekesha waliowekwa mahali pao, na vita vya 1914 vikisubiri mwishoni kuwatawanya wote. Kazi ngumu ya kuigeuza familia kuwa tamthilia ilikuwa imefanywa miaka 22 kabla yake. Ndiyo maana siyaungi mkono malalamiko tunayoyasikia kila mwandishi anapoona kitabu chake kwenye runinga, kwamba wamenibadilishia mama yangu. Swali la kwanza la kumuuliza ni nani alianza kumbadilisha.

Angalia majina. Katika kitabu, Huxley aliwaficha wazazi wake: Josceline Grant akawa Robin na Nellie akawa Tilly. Ilikuwa adabu, na pia ilikuwa njia ya kujipa nafasi, kwa sababu Nellie alikuwa bado hai, akilima Njoro, kitabu kilipotoka, na binti anayeandika habari za Tilly anaweza kusema mambo ambayo asingeyasema kuhusu mama mwenye jina lake halisi. Tamthilia ikafanya jambo la ajabu ambalo nadhani hakuna aliyelifikiria sana: iliyaacha majina ya bandia ya wazazi, ikawarudishia jina halisi la ukoo, na ikamwita mtoto kwa jina lake mwenyewe, Elspeth Grant. Matokeo yake ni familia iliyo nusu ndani na nusu nje ya barakoa. Mtazamaji asiyejua atadhani kwamba kweli kulikuwa na Robin Grant na Tilly Grant waliomzaa Elspeth, na hivyo ndivyo wanavyotajwa hata leo na watu wanaozungumzia shamba lile. Hapo mwandishi angekuwa na haki ya kulalamika, maana barakoa inayovuliwa nusu ni mbaya kuliko uso mtupu.

Badiliko kubwa zaidi la tamthilia, na lililoiumiza kuliko yote, ni umri wa mtoto. Holly Aird, anayemwigiza Elspeth, alizaliwa mwaka 1969, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi wakati wa kupiga picha, ilhali Elspeth halisi alikuwa na sita alipofika na saba vita vilipoanza. Sababu zinaeleweka. Mtoto wa miaka sita hawezi kukariri sehemu saba, anachoka, anasinzia, na hakuna mwongozaji anayeweza kujenga kazi nzima juu ya mabega yake. Lakini kitabu kizima kinaegemea jambo moja: msimulizi anaona kila kitu na haelewi karibu chochote. Anapita karibu na mazungumzo ya Lettice Palmer, mke wa jirani, na Ian Crawfurd, kijana asiye mume wake. Anasikia maneno, anatuletea maneno hayo kwa uaminifu wa mtu aliyetumwa dukani, kisha anarudi kwa wanyama wake. Sisi wasomaji ndio tunaojua kinachoendelea juu ya kichwa chake. Binti wa miaka kumi na moja, na hasa binti mwenye macho makini kama ya Aird, hawezi kutojua. Kamera inapomrudia usoni tunaona kwamba amekwisha kufahamu, na tangu hapo hadithi inakuwa ya mapenzi ya kawaida ya watu wazima yanayotazamwa na mpelelezi mdogo. Aird anaigiza vizuri sana. Kosa si lake hata kidogo. Ni kwamba uzuri wa uigizaji wake unajaza mahali ambapo kitabu kilipaacha wazi kwa makusudi.

Waigizaji wengine niwapitie upesi. Hayley Mills, aliyekuwa nyota wa filamu za Disney tangu utotoni, anampa Tilly uchangamfu na uvumilivu unaopendeza, na David Robb ana ule usahaulifu wa Robin, mtu mwenye mipango mikubwa na mifuko myepesi. Ben Cross, ambaye mwaka huo huo alijulikana duniani kwa Chariots of Fire, ana sura inayomtosha Ian na kazi ndogo ya kufanya nayo. Sharon Maughan ndiye aliyenishangaza, kwa sababu Lettice wake ana huzuni ambayo haiombi kuonewa huruma.

Kuhusu Tilly nina la kuongeza. Mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya tamthilia, Huxley alichapisha barua za mama yake katika kitabu kinachoitwa Nellie: Letters from Africa. Anayezisoma barua hizo baada ya kumtazama Mills atakutana na mwanamke mwingine: mwenye ulimi mkali, anayeanzisha mradi mpya kabla ule wa zamani haujafa vizuri, anayehesabu senti, na aliyekaa Njoro hadi mwaka 1965 kabla ya kuhamia Ureno akiwa mzee. Nellie huyu ana mikwaruzo ambayo Tilly wa kitabuni ameshalainishiwa kwa sehemu, na Tilly wa runinga ameondolewa mikwaruzo hiyo kabisa. Ninaona kwamba kumchapisha mama kwa sauti yake mwenyewe, kabla ya mwigizaji kumvaa, kulikuwa jambo la busara kuliko kugombana na mtu yeyote kuhusu mswada. Msomaji ana mahali pa kwenda kulinganisha.

Sasa nije kwa wale wasiokuwa na mahali pa kulinganisha. Nilitazama sehemu ya pili na ya tatu pamoja na mjomba wangu, aliyezaliwa Gatanga na ambaye mama yake alichuma kahawa katika mashamba ya Thika maisha yake yote. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akifurahia milima zaidi ya watu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, huyu mama anayepita nyuma yao na mzigo, anaitwa nani?” Nikamjibu, “Sijui, mjomba, hawajasema.” Akasema, “Basi rudisha nyuma kidogo nimwone.” Tukarudisha nyuma. Alimtazama mara mbili, yule mwanamke aliyevuka nyuma ya meza ya chai kwa sekunde chache, na hakusema kitu kingine hadi sehemu ilipoisha.

Hapa tamthilia na kitabu vinabeba lawama moja. Wakikuyu wanaotajwa kwa majina ni wachache, na karibu kila mara tunawaona kutoka upande wa masetla. Habari ya Njombo, kijana mwenye nguvu anayeanza kudhoofika kwa kuamini kwamba amelogwa, ilhali dawa za Tilly hazimsaidii, ndiyo inayokaribia zaidi kutuingiza katika maisha yao, na ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko mahaba yote ya Lettice. Lakini hata hapo tunasimama nje ya mlango tukisubiri kuambiwa na mzungu maana yake. Wanaume wanakuja shambani kufanya kazi, wanalipwa rupia zao na kuondoka, na mtazamaji haelezwi waziwazi kwamba rupia hizo zilitakiwa ili kulipa kodi ya vibanda, wala kwamba ardhi iliyouzwa katika baa iliweza kuuzwa kwa sababu sheria ya mwaka 1902 ilikuwa imeifanya kuwa mali ya Serikali ya Kifalme, wala kwamba Mkikuyu aliyepalilia miche ile ya kahawa hangeruhusiwa kupanda yake mwenyewe kwa miongo mingi iliyofuata. Mtoto wa miaka sita hawezi kuyajua hayo, na kitabuni kutojua kwake ni kisingizio kinachoweza kukubalika. Watengenezaji wa mwaka 1981, waliokuja na kamera zao katika nchi iliyokuwa huru kwa miaka 18, hawakuwa na miaka sita.

Huxley mwenyewe alijua zaidi ya alivyomruhusu mtoto wake wa kitabuni kujua. Mwaka 1939 alikuwa amechapisha Red Strangers, riwaya inayosimulia kuja kwa wazungu kwa kufuata vizazi vya familia moja ya Kikuyu, na hata anayeikosoa hawezi kusema kwamba mwandishi wake hakujitaabisha kutazama kutoka upande wa pili. Miaka ishirini baadaye, Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ikiwa bado haijaondolewa na wafungwa 11 wa kambi ya Hola wakiwa wameuawa Machi mwaka huo huo wa 1959, aliamua kurudi kwenye shamba la utotoni na kulitazama kwa macho ya mtu asiyeweza kuulizwa swali la siasa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o hakumsamehe. Katika Detained, kitabu chake cha kumbukumbu za kifungoni kilichotoka mwaka 1981, mwaka ule ule wa tamthilia, alimwandikia maneno makali. Mimi siko mbali na Ngũgĩ katika jambo hili, ila nadhani hasira hiyo inaihusu tamthilia kuliko kitabu, kwa sababu kitabu angalau kinaonyesha kwamba anayesema ni mtoto, na tamthilia inatuonyesha jua likizama juu ya migunga kana kwamba jua nalo limekubaliana na masetla.

Katika kumbukumbu za Ngũgĩ mwenyewe, Dreams in a Time of War, zilizotoka mwaka 2010, kuna kijana anayerudi nyumbani Limuru akiwa na njaa, anawasikia watu njiani wakisimulia kwa msisimko habari za mtu aliyewatoroka polisi chini ya mvua ya risasi, na hajui kwamba mtu huyo ni kaka yake. Mtayarishaji wa hapa Nairobi atakayekichukua kitabu hicho siku moja atakutana na kishawishi kile kile kilichomshinda Hawkesworth: kutuonyesha kwanza kaka akikimbia, risasi zikilia, halafu kijana njiani. Akifanya hivyo atakuwa ameuza kitu bora kabisa alichonunua.

Kwa waandishi wenzangu wanaopokea simu za watayarishaji siku hizi, tamthilia hii inafundisha pia kuhusu mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwandishi wa Kenya mamlaka juu ya kugeuzwa kwa kazi yake, na hata akiuza haki za kibiashara bado inamwachia haki ya kutambuliwa kama mwandishi na ya kupinga upotoshaji unaoharibu heshima yake. Hayo ni mazuri. Lakini soma kwa makini inayemlinda: ni mwandishi. Mama, shangazi, kaka aliyekataa kuzungumza, wote waliomo kitabuni hawana hakimiliki juu ya maisha yao yaliyokwisha kuandikwa. Mwandishi anaweza kukataa mswada. Shangazi atamwona mwigizaji akiwa na kanga yake siku ile ile majirani watakapomwona. Kwa hiyo mambo ya kuweka kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi ni umri wa watoto, majina yatakayotumika na yatakayofichwa, na nani katika familia ataonyeshwa picha kabla ya umma. Fedha zinajadilika hata baadaye.

Sasa kuhusu ununuzi wenyewe. Nakala niliyoipata haina manukuu ya Kiswahili, picha zina ule ukungu wa kazi za zamani, na muziki unapenda kutangulia hisia ambazo hazijafika. Atakayeinunua kwa ajili ya kuiona Thika atakata tamaa kidogo, maana Thika ya leo, yenye viwanda, mananasi na barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, haimo. Aende Blue Posts mwenyewe akasimame kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, atapata zaidi. Atakayeinunua kwa ajili ya kujifunza jinsi familia inavyoingizwa katika runinga asome kitabu kwanza, atazame sehemu ya kwanza na ile ya Njombo kwa utulivu, aruke hadi sehemu ya mwisho vita vinapoingia, kisha amalizie na barua za Nellie. Sehemu za Lettice na Ian anaweza kuziacha zikiendelea huku akikoroga sufuria jikoni. Hatapitwa na mengi.